Kamyo imetoka garaji lakini inakula pine: tupime magurudumu ya mbele



Katika karatasi hii tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mihogo. Leo tutaongea juu ya kamyo. Mtatuuliza: ninyi wa-agronome, mnatafuta nini chini ya kamyo? Jibu ni fupi. Viazi vilivyokwama njiani bado si mavuno, ni hasara. Na katika ziara zetu tumeona makuta ya mbegu yakiishia ku pine.

Acha tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe, kwa sababu na sisi tulikuwa na kosa ndani yake.

Nani alikula pine yetu?

Koperative moja ya milimani iko na kamyo ndogo ya Fuso, ya okazyo, inayoshusha viazi na kabichi mjini. Barabara mnaijua: mashimo, mawe, na wakati wa mvua matope mpaka magoti. Siku moja resori ya mbele ikavunjika, na fundi akaona pivo na rotili nazo zimechoka. Kamyo ikapelekwa garaji mjini. Wakaweka resori mpya pande mbili, pivo mpya, rotili mpya. Kwa kuwa pine za mbele zilikuwa zimeisha, koperative ikanunua mbili mpya. Prezidenti akatia sahihi kwenye fakture, na sisi tukatia sahihi pembeni yake, maana sehemu ya makuta ilitoka kwetu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza: je, mumepima magurudumu?

Nyuma ya wiki 7, pine zile mpya zilikuwa zimekwisha upande wa nje, mpaka nyuzi za ndani zilianza kuonekana. Asubuhi moja ya mvua pine moja ikapasuka kwenye mtelemko. Kwa neema ya Mungu kamyo ilikuwa inaenda pole pole, hakuna mtu aliyeumia. Lakini ilikaa pale siku 2, turubai ilivuja, na magunia ya viazi yakalowana. Mnajua wenyewe kiazi kilicholowana ndani ya gunia kinamaliza siku ngapi mbele ya kuoza.

Jambo baya zaidi lilikuja kwenye mkutano. Mama mwekaji wa sanduku alisimama akauliza: "Nani alikula pine yetu?" Swali lilikuwa la haki. Pine mpya haiwezi kuisha namna ile. Watu wakamwangalia shofere. Mmoja akasema ameuza zile mpya akaweka za zamani. Mwingine akasema anakimbiza kamyo usiku kwa biashara yake. Komite ikakata shauri kuzuia mshahara wake wa mwezi na kutafuta shofere mwingine.

Yule baba hakubishana sana. Alisema tu: "Tangu itoke garaji, inanivuta mikono. Nilisema, hamkunisikia." Ni kweli, alisema. Sisi tulifikiri anatafuta sababu ya kutofanya safari.

Ndipo tukamwita fundi mzee wa kijiji, aliyefanya kazi zamani na kamyo za shamba kubwa. Hakuja na mashine. Alikuja na kriki, chaki, kamba na metre ya seremala. Kwa saa moja tu akatuonyesha mwizi wa pine. Hakuwa shofere. Ilikuwa milimita 14.

Paralelisimu ni nini?

Mafundi wetu wanaita kazi hii paralelisimu: kuyaweka magurudumu yaende njia moja. Mkulima anaelewa jambo hili haraka kuliko wengi. Tunapopanda maharagwe kwa mistari, tunavuta kamba kati ya vijiti viwili. Kijiti kimoja kikihama kidogo tu, ku mwanzo wa shamba hauoni kitu, lakini ku mwisho mstari umeingia kwa jirani. Magurudumu ni vilevile. Kosa ni dogo kwa macho, lakini linarudiwa kila kilometa.

Tufanye hesabu pamoja. Pine ya 7.50-16 iko na kimo cha karibu milimita 800. Kama magurudumu mawili ya mbele yamekaribiana mbele kwa milimita 14 kuliko nyuma, kila moja limepinda nusu yake, milimita 7 juu ya 800. Maana yake, kila kilometa 1 kamyo inapoenda mbele, kila pine ya mbele inaburutwa kando karibu metre 9. Safari ya kilometa 100 ni karibu metre 900 za kuburuta, tena na mzigo juu. Chukua kifutio cha mtoto wa shule, ukisugue kando kwenye ukuta kwa metre 900. Kitabaki nini?

Kuna mambo matatu ya kuangalia kwenye gurudumu la mbele.

La kwanza ni kuangaliana au kuachana. Ukitazama kamyo kutoka juu, magurudumu yanaweza kuangaliana mbele, kama mtu anayetembea vidole vya miguu vikiingia ndani, au kuachana, vidole vikitoka nje. Kamyo nyingi zenye chuma kimoja kizima mbele (mafundi wanakiita esiye) zinatakiwa kuangaliana kidogo tu, mara nyingi kati ya milimita 0 na 3. Kipimo cha kamyo yenu kiko ndani ya kitabu chake. Hili ndilo jambo ambalo fundi anaweza kurekebisha kwa ufunguo.

La pili ni kuinama. Ukitazama kamyo kutoka mbele, gurudumu linaweza kuegemea nje au ndani, sawa na miguu ya matege. Kwenye esiye nzima hakuna ekru ya kurekebisha hapo. Gurudumu likiinama vibaya, ni pivo au rulema zimechoka, au esiye yenyewe imepinda.

La tatu ni kulala kwa pivo. Angalieni uma wa baiskeli: haukusimama wima, umelala nyuma kidogo. Kwa sababu hiyo baiskeli inapenda kwenda moja kwa moja, hata ukilegeza mikono. Pivo ya kamyo nayo imelala nyuma kidogo. Ikisimama wima sana, kamyo inatangatanga barabarani na volani hairudi yenyewe nyuma ya kona. Ikilala zaidi upande mmoja, kamyo inavuta kwenda upande ule ambao umelala kidogo.

Sababu gani kutengeneza mbele kunageuza yote haya?

Watu wengi wanauliza: tumeweka vyuma vipya, sasa namna gani kamyo imekuwa mbaya kuliko mbele? Iko hivi.

Rotili za bare inayounganisha magurudumu mawili zikibadilishwa, urefu wa bare unabadilika. Fundi anafungua ya zamani, anazungusha mpya mpaka macho yake yaone "ni sawa". Macho hayaoni milimita 10 kwenye metre moja na nusu.

Resori mpya ni ndefu kwa kimo kuliko ile iliyochoka. Kamyo inanyanyuka mbele, na chuma kinachotoka ku boksi ya volani kwenda gurudumu kinabadilisha pembe. Hapo volani inakaa upande hata wakati magurudumu yanaenda moja kwa moja.

Kati ya resori na esiye, kamyo zingine ziko na kipande cha chuma chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine, kama kabari. Ndicho kinacholaza pivo. Kikirudishwa kinyume, au kikisahauliwa, kamyo inaanza kutangatanga.

Na katikati ya resori kuna buloni ndogo inayoshika mahali pa esiye. Ikikatika, au isipoingia vizuri kwenye shimo lake, esiye inateleza nyuma upande mmoja. Hapo kamyo inatembea kama mbwa, kichwa huku na mkia kule.

Kwa hiyo shikeni neno hili: kazi ya mbele haijaisha mpaka magurudumu yapimwe. Mfanyapo kazi ku resori, pivo, rotili au bare, kupima ni sehemu ya kazi ileile.

Pine yenyewe inasema

Mbele ya kutafuta metre, ulizeni pine. Pitisha mkono pole pole juu ya meno ya pine, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Angalia kwanza kama nyuzi za chuma hazijatoka, zisikukate.

Kama mkono unateleza vizuri ukienda ndani, lakini meno yanakukwaruza ukienda nje, magurudumu yanaangaliana kupita kipimo. Mara nyingi upande wa nje wa pine zote mbili utaisha kwanza. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Kama ni kinyume, meno yanakwaruza ukienda ndani, magurudumu yameachana. Upande wa ndani ndio utaisha.

Pine moja tu ikiisha upande mmoja, na ingine iko nzuri, tazameni pivo, rulema na esiye.

Pande mbili zikiisha na katikati kubaki, ni upepo mdogo. Katikati ikiisha, ni upepo mwingi. Hapo shida si paralelisimu, ni pompe.

Pine ikiwa na mabonde mabonde, mara nyingi ni amotisere au rulema zilizochoka.

Namna ya kupima kwa chaki na metre

Njia hii ni ya kamyo zenye esiye nzima mbele. Gari ndogo ambazo kila gurudumu la mbele linajitegemea zinahitaji mashine ya garaji.

*1. Tayarisheni kamyo.* Tafuteni mahali pagumu na palipo sawa, hata kiwanja cha kanisa au depo. Kamyo isiwe na mzigo, isipokuwa kitabu kinasema vingine. Tieni upepo sawa kwenye pine zote mbili za mbele.

*2. Tafuteni vinavyocheza.* Wekeni mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, mnyanyue mbele na kriki, kisha mwekeze esiye juu ya vigogo imara. Mtu asiingie chini ya kamyo inayosimama juu ya kriki peke yake. Tumezika watu kwa sababu hiyo. Shikeni gurudumu juu na chini mlitikise: likicheza, ni pivo au rulema. Shikeni kushoto na kuume mtikise tena: likicheza, mara nyingi ni rotili. Chenye kucheza kitengenezwe kwanza. Kupima juu ya vyuma vinavyocheza ni sawa na kuvuta kamba ku kijiti kisichosimama.

*3. Pigeni mstari.* Gurudumu likiwa juu, mtu mmoja alizungushe na mwingine ashike chaki, au msumari juu ya kipande cha ubao, katikati ya meno ya pine bila kutikisika. Mtapata mstari mwembamba kuzunguka pine. Fanyeni vilevile upande wa pili.

*4. Shusheni na msukume.* Kamyo ikirudi chini, sukumeni mbele na nyuma metre 4 au 5 ili resori na pine zikae mahali pao. Mwisheni kwa kusukuma mbele, volani ikiwa katikati.

*5. Pimeni mbele.* Kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, wekeni alama juu ya mistari yote miwili, upande wa mbele wa pine. Pimeni kutoka mstari mpaka mstari. Andikeni.

*6. Pimeni nyuma.* Sukumeni kamyo mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma ya pine, kwenye kimo kilekile. Pimeni tena, muandike. Tunatumia alama zilezile kwa sababu janti iliyopinda kidogo ingeweza kutudanganya.

*7. Toeni.* Kipimo cha nyuma kutoa kipimo cha mbele. Kwetu ilikuwa 1660 kutoa 1646, ni milimita 14. Kama cha mbele ndicho kikubwa, magurudumu yameachana.

*8. Pimeni pande za kamyo.* Kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto na kuume. Vipimo viwili vinatakiwa kuwa karibu sawa. Tofauti ikiwa kubwa, tazameni ile buloni ya katikati ya resori mbele ya kugusa kitu kingine.

Kurekebisha

Bare inayounganisha magurudumu iko na kifungio kila mwisho. Legezeni vyote viwili. Kwenye kamyo nyingi, mwisho mmoja unafungwa kuume na mwingine kushoto, kwa hiyo ukizungusha bare katikati, inarefuka au inafupika bila kutoa rotili.

Angalieni vizuri bare iko wapi. Kama iko nyuma ya esiye, kuirefusha kunafanya magurudumu yaangaliane, na kuifupisha kunayaachanisha. Kama iko mbele ya esiye, ni kinyume. Zungusheni kidogo tu, robo ya mzunguko, kisha sukumeni kamyo mbele na nyuma na kupima tena. Msiposukuma, pine inabaki imejikaza na kipimo kinasema uongo.

Kikifika kwenye kipimo cha kitabu, fungeni vifungio kwa nguvu na mhakikishe rotili hazikupindana. Volani ikibaki upande, hapo hurekebishwi bare hii. Inarekebishwa ile ya pili, inayotoka ku boksi ya volani. Mtu akigusa bare ya kwanza ili kunyoosha volani, ataharibu paralelisimu yote.

Bare iliyopinda isinyooshwe kwa moto. Isichomelewe. Ibadilishwe. Kikikatika chuma hiki kwenye mtelemko, shofere hana tena cha kushika.

Kisha jaribuni kamyo barabarani, pole pole, mahali palipo sawa. Kumbukeni kwamba tunaendesha kuume, na barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatoke. Kuvuta kuume kidogo kunaweza kutoka ku barabara yenyewe. Nyuma ya safari ya kwanza au ya pili, kazeni tena zile buloni za umbo la U zinazoshika resori, kwa sababu resori mpya inakaa na buloni zinalegea.

Maneno ya kuuliza garaji mbele ya kulipa

Hii ndiyo sehemu ya komite. Si lazima kila mtu awe fundi, lakini mwenye kutia sahihi anapaswa kuuliza:

- Je, paralelisimu imeandikwa kwenye fakture, pamoja na kipimo cha mbele na cha nyuma?
- Volani iko katikati wakati kamyo inaenda moja kwa moja?
- Vyuma vya zamani viko wapi? Tuvione.
- Tutarudi siku gani kukaza buloni za resori?
- Shofere wetu ameijaribu kamyo, na amesema nini?

Hilo la mwisho liandikeni kwenye kitabu cha kamyo, pamoja na tarehe na kilometa. Kila Jumatatu, shofere na mwanamemba mmoja wa komite wapitishe mkono juu ya pine za mbele. Ni kazi ya dakika mbili.

Ilivyoisha

Fundi mzee alizungusha bare mpaka tukabaki na milimita 2. Shofere alienda mpaka daraja na kurudi. Alipotoka ndani ya kamyo alinyoosha mikono yake tu, kuonyesha kwamba hakuna kinachomvuta tena. Pine zile mbili hazikupona. Koperative ilinunua zingine, na mbegu ya msimu ule ikanunuliwa kidogo kuliko ilivyopangwa. Hasara ile hatukuweza kuirudisha.

Mshahara wa shofere, huo ulirudishwa. Kwenye mkutano mkuu uliofuata, mama mwekaji wa sanduku alimkabidhi mbele ya wote na kumwomba samahani. Sisi pia tulisimama tukaomba samahani, kwa sababu sahihi yetu ilikuwa kwenye ile fakture, na kwa sababu mtu aliyeshika volani kila siku alituambia ukweli tukamdharau.

Wanamemba, mkiona kamyo inavuta, msianze na kutafuta mwizi. Anzeni na chaki na metre.